Siku ya Marejesho: Mwongozo wa Kukabiliana na Msongo wa Mawazo Unaoletwa na Madeni

Neno "msongo" limetokana na kitenzi kusonga, yaani kubana kitu kwa nguvu mpaka kikaze, kama mwiko unavyousonga ugali. Kwa kuwa neno hilo limezoeleka likifuatwa na "mawazo", wengi wameamini kuwa tatizo lote limo kichwani na kwamba mwenye nalo akiacha kuwaza litaondoka. Imani hiyo ndiyo iliyozaa ushauri wa "usiwaze sana", ambao hutolewa kwa upendo lakini haumsaidii anayeupokea, kwa sababu msongo wa mawazo ni tukio la mwili mzima, na mara nyingi chanzo chake kiko nje ya mwili, mahali ambapo kinaweza kuonekana, kuhesabiwa na kushughulikiwa.

Mwongozo huu unamlenga msomaji anayeandamwa na madeni, au anayeishi na mtu wa namna hiyo. Deni limechaguliwa kwa kuwa ni chanzo cha msongo kinachojulikana katika kila mtaa, na kwa kuwa linaonyesha wazi jinsi jambo moja linavyouingia mwili, likaibana akili, kisha likawafikia watu ambao hawakukopa chochote. Nchini Tanzania mikopo midogo ya riba kubwa, inayorejeshwa kila siku au kila wiki, imepewa jina la "kausha damu", na waliolibuni jina hilo waliutaja mwili kabla ya mfuko. Kurasa zinazofuata zinaeleza kwanza kwa nini walikuwa sahihi, kisha zinaonyesha la kufanya.

Mwili unavyoipokea habari ya deni

Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira, na akaonyesha kwamba kiumbe aliyetishwa huandaliwa na mwili wake ama kupigana ama kukimbia. Ubongo ukishatambua hatari, tezi za adrenali, yaani tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, humwaga homoni iitwayo adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, mboni za macho hutanuka, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe miguuni na mikononi. Dakika chache baadaye hufuata homoni ya pili, kotisoli, ambayo kazi yake mojawapo ni kuliamuru ini liachie sukari ili misuli isikose nguvu.

Maandalizi haya ni neema kwa mtu anayemkimbia nyoka shambani, kwani baada ya dakika kumi ama ameokoka ama ameumwa, na mwili hurudi katika utulivu wake. Mwili, hata hivyo, hauna mlango mmoja kwa ajili ya nyoka na mwingine kwa ajili ya afisa mikopo. Simu inayoita Jumatatu asubuhi huamsha homoni zilezile, na kwa kuwa marejesho hayaishi ndani ya dakika kumi bali huendelea kwa miezi, homoni hizo hubaki juu wakati ambapo zilipaswa kushuka. Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alitangaza mwaka 1936 kwamba panya waliotiwa katika mateso ya aina tofauti walionyesha madhara yanayofanana, na baadaye akaigawa safari hiyo katika hatua tatu: kushtuka, kustahimili na kuchoka kabisa. Hatua ya kati ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu mtu huonekana amezoea, anafanya kazi, anacheka, ilhali gharama inaendelea kulipwa ndani.

Gharama hiyo hulipwa kwa njia nyingi. Presha hupanda kila mara msukosuko unapotokea, na sukari ya damu hupanda pia, jambo ambalo ni zito kwa aliyekwisha kuwa mgonjwa wa kisukari. Kinga ya mwili hudhoofika: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, Sheldon Cohen na wenzake waliwatia virusi vya mafua puani watu wenye afya waliojitolea, na waliokuwa na msongo mkubwa zaidi ndio walioambukizwa kwa wingi zaidi. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walionyesha kwamba vidonda vidogo vya ngozi vya wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu vilichukua takriban siku tisa zaidi kupona kuliko vya wanawake wengine. Kwa mwanamke hedhi huweza kupotea au kuvurugika bila ujauzito, na kwa anayenyonyesha maziwa huweza kuchelewa kushuka kwa sababu adrenalini huzuia homoni inayoyasukuma, ingawa maziwa yenyewe yapo. Usingizi nao hubadilika kwa namna inayotambulika: mtu hulala kwa uchovu, kisha huamka saa tisa usiku, macho makavu, akili ikipiga hesabu.

> KISANDUKU CHA 1: Vidonda vya tumbo na presha havitokani na "mawazo" peke yake
>
> Wengi husema kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, na kwa sababu hiyo hawaendi kupimwa. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*, ambaye hutibiwa kwa dawa. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Msongo huongeza maumivu, lakini hauondoi haja ya kipimo. Mwenye kichwa kinachouma kila siku kwa sababu ya madeni, akimeza diklofenaki kila siku, anajitafutia kidonda.
>
> Vivyo hivyo, presha inayosomeka 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti ni ugonjwa wa kutibiwa, hata kama mgonjwa anajua kinachomsumbua. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kudhani kwamba deni likiisha presha nayo itakwisha.

Akili inavyobanwa

Mwaka 2013 kundi la watafiti, miongoni mwao Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, lilichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, nchini India, kabla ya mavuno, wakiwa hawana fedha, na baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Wakulima walikuwa walewale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri na ya kujizuia. Maelezo ya watafiti ni kwamba uhaba huishika akili na kuitumia, ikabaki nafasi ndogo kwa mambo mengine.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa msomaji mwenye madeni. Kwanza, kusahau dawa ya mtoto, kukosea hesabu ya chenji, kusoma mkataba mara tatu bila kuuelewa, na kukubali mkopo mpya mbaya kuliko wa zamani si ushahidi wa ujinga wala wa uzembe. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Pili, saa ambayo mtu amebanwa zaidi ndiyo saa mbaya zaidi ya kutia sahihi. Aibu huongeza uzito huu maradufu, kwa kuwa mtu huanza kutumia nguvu zake chache kuficha badala ya kutatua, na ndiyo maana hatua za mwongozo huu zinaanza na mwili na karatasi kabla ya kumtaka mtu azungumze.

Msongo unapotoka nje ya mtu mmoja

Mikopo mingi ya vikundi husimama juu ya dhamana ya wanakikundi wenyewe: mmoja akikosa rejesho, wengine hulazimika kulijaza. Mpango huu huwawezesha wasio na hati ya nyumba kukopa, lakini siku ya kukosa hugeuza majirani kuwa walinzi wa mlango wa mwenzao. Vyombo hubebwa mbele ya watoto, mume hugundua mkopo asioujua, mama hufunga genge na kuhamia kwa dada yake mkoa mwingine, na kikundi kilichokuwa kikizikana na kufarijiana hubaki na ugomvi. Hasira iliyoshindwa kumfikia mkopeshaji humwangukia mtoto aliyemwaga uji.

Mfano mmoja kutoka Kenya unastahili kutajwa hapa, ingawa unahusu wanyama. Mtafiti Robert Sapolsky, aliyewafuatilia nyani wa Masai Mara tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, aliona kwamba madume wa daraja la chini, wanaoonewa kila siku, hubeba dalili za homoni za msongo kwa wingi kuliko wakubwa wao. Katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kilichotokana na nyama ya jalalani kiliwaua madume wakali wa kundi moja, waliokuwa wakienda kupigania mabaki ya chakula kwenye hoteli ya watalii. Waliobaki waliishi kwa upole zaidi, wakisafishana manyoya mara nyingi zaidi. Na takriban miaka kumi baadaye, madume wapya waliohamia kutoka nje walikuwa wamejifunza desturi hiyo, huku wanyonge wa kundi hilo wakiwa hawana tena dalili zilizowatesa wanyonge wa makundi mengine. Ikiwa nyani waliweza kubadilisha kiasi cha mateso kwa kubadilisha namna wanavyotendeana, basi kikundi cha mikopo, familia na ofisi vinaweza kuulizwa swali hilohilo: mnyonge hapa anatendewaje?

Hatua ya kwanza: kuutuliza mwili

Pumzi ni sehemu ya mfumo wa dharura ambayo mtu anaweza kuiongoza kwa hiari. Kutoa pumzi taratibu hutumia mshipa wa fahamu uitwao vegasi, unaotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, kuuambia moyo upunguze kasi. Zoezi lifanywe kabla ya kupokea simu ya mdai, kabla ya kikao cha kikundi, na wakati wa kuamka usiku.

1. Msomaji akae miguu ikigusa sakafu, mkono mmoja ukiwa juu ya tumbo.
2. Avute pumzi kwa pua huku akihesabu polepole hadi nne, tumbo likiinuka kabla ya kifua.
3. Aitoe kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama anayepuliza chai ya moto, akihesabu hadi sita.
4. Arudie kwa dakika tano, takriban pumzi sita kwa kila dakika. Akihisi kizunguzungu, aache na apumue kama kawaida.

Mwili ulioandaliwa kukimbia unahitaji pia kukimbia kweli, au angalau kutembea: nusu saa ya mwendo wa haraka humaliza sehemu ya maandalizi yaliyokosa kazi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe baada ya saa sita mchana. Anayeamka usiku na kukaa macho kwa takriban dakika ishirini aondoke kitandani, aandike kinachomsumbua kwenye karatasi chini ya mwanga hafifu, kisha arudi usingizi unapomjia, kwa kuwa kitanda kikizoeleka kuwa ofisi ya hesabu hakitaleta tena usingizi.

Hatua ya pili: kulifungua daftari

Deni lisiloandikwa hukua kichwani kuliko lilivyo. Kazi hii ifanywe asubuhi, baada ya kula, wala isifanywe usiku.

1. Msomaji achore safu sita: jina la mdai, kilichopokelewa mkononi, kilicholipwa hadi sasa, kilichobaki, siku ya marejesho, na kilichowekwa dhamana.
2. Ajaze madeni yote, yakiwamo ya dukani, ya ndugu na ya mikopo ya simu. Deni dogo la jirani huachwa mara nyingi, na ndilo linalovunja urafiki.
3. Akokotoe riba halisi. Mtu aliyepewa shilingi 200,000 na kutakiwa kulipa 10,000 kila siku kwa siku 30 atalipa 300,000, yaani riba ya asilimia 50 kwa mwezi mmoja. Kikomo cha riba ambacho Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa kiasi hichohicho ni shilingi 7,000.
4. Atenge kwanza chakula, kodi ya nyumba, dawa na nauli ya kazini. Fedha inayobaki ndiyo ya kugawa kwa wadai. Asiyekula hawezi kulipa.
5. Aweke alama kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote na lile linalohatarisha kitendea kazi, kama vile cherehani au pikipiki. Hayo mawili ndiyo ya kuzungumziwa kwanza.

Hatua ya tatu: kumkabili mdai

Mazungumzo yafanyike kabla ya siku ya marejesho kufika, kwa kuwa anayekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Msomaji aende na daftari lake, ataje kiasi anachoweza kulipa kweli, na aombe kupangiwa upya marejesho: muda urefushwe, rejesho lipunguzwe, au faini isimamishwe. Asiahidi kiasi kikubwa ili aondoke salama chumbani, kwani ahadi iliyovunjika wiki inayofuata humrudisha nyuma ya pale alipoanzia. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande mbili, na kila malipo yapewe risiti.

Nchini Tanzania Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa mikopo midogo awe na leseni, na msomaji ana haki ya kuomba kuiona. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kumtisha mkopaji, kumtukana, na kuwapigia simu watu waliomo kwenye orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Anayetishwa atunze ujumbe wote, aandike tarehe na saa, kisha aende kwa serikali ya mtaa, polisi au kwa wasaidizi wa kisheria, ambao nchini Tanzania wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao kwa wasio na uwezo hailipiwi.

> KISANDUKU CHA 2: Makosa yanayolipwa kwa gharama kubwa
>
> - Kukopa huku ili kulipa kule bila kulinganisha riba ya mikopo hiyo miwili.
> - Kumkabidhi mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri.
> - Kutia sahihi karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi.
> - Kuzima simu na kuhama. Riba haihami.
> - Kutafuta usingizi kwa pombe, ambayo humlaza mtu haraka na kumwamsha kabla ya alfajiri, au kwa vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari, ambavyo baadhi huzoewa na mwili ndani ya wiki chache.
> - Kuweka matumaini kwenye kubeti. Katika maonyo yote yaliyotajwa hapa, hili ndilo ambalo mwenye msongo hulihitaji zaidi, kwa sababu akili iliyobanwa huona njia ya mkato mahali pasipo na njia.

Hatua ya nne: kumpata wa kuzungumza naye

Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianzisha Harare mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Washona wa nchi hiyo wana neno *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na bibi hao walilitumia neno hilo badala ya majina ya kitabibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa walikuwa na dalili chache za msongo na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Funzo lake ni kwamba msikilizaji mzuri hahitaji shahada. Anahitaji muda, siri na utaratibu.

Msomaji achague mtu mmoja: shangazi, mjomba, dada wa kikundi, shehe, padri au mchungaji. Amwambie mapema kwamba hatafuti fedha bali masikio, kwa kuwa ndugu wengi hukimbia mazungumzo wakidhani wanaombwa. Anayesikiliza naye ana wajibu wake: aulize kabla ya kushauri, asilinganishe shida hiyo na yake, amsaidie mwenzake kuchagua tatizo moja tu la kushughulikia wiki hiyo, kisha amuulize wiki inayofuata limefikia wapi. Dua na sala zina nafasi yake hapa, hasa zinapomkutanisha mtu na wenzake badala ya kumwacha peke yake.

> KISANDUKU CHA 3: Dalili zisizosubiri
>
> - Maumivu ya kifua yanayobana, yakienda mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho jingi: hospitali mara moja, hata kama mtu anadhani ni wasiwasi tu.
> - Wiki mbili au zaidi za huzuni, kukosa hamu ya chakula na kushindwa kazi za kila siku: zahanati au kituo cha afya, na msomaji ataje huzuni yenyewe badala ya kulalamikia kichwa peke yake.
> - Maneno kama "bora nisingekuwapo", kugawa vitu au kuwaaga watu: mhusika aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, sumu za kuulia wadudu na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali. Nchini Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Orodha ya wiki ya kwanza

☐ Zoezi la pumzi limefanywa kila siku, na mara moja kabla ya simu ngumu.

☐ Presha imepimwa, na sukari pia kwa mwenye historia yake katika familia.

☐ Daftari la madeni limejazwa lote.

☐ Mdai mmoja, si wote, ameonwa ana kwa ana.

☐ Mtu mmoja wa karibu anajua jumla ya deni kwa tarakimu kamili.

☐ Watoto wameambiwa, kwa maneno ya umri wao, kwamba nyumbani kuna shida ya fedha na kwamba si wao walioileta.